Khabari za Zheng He, Amiri wa Merikebu za China, na Khitilafu ya Kaburi Lake

Kusini ya mji wa Nanjing, katika nchi ya China, upo mlima uitwao Niushou, na maana yake ni Kichwa cha Ng'ombe. Ubavuni mwa mlima huo pana kaburi ambalo watu wa jirani wamelijua tangu zamani kuwa ni kaburi la Mwislamu wa ukoo wa Ma. Mwaka 1985 lilijengwa upya kwa mawe, likafanyiwa ngazi 28, makundi manne ya ngazi saba saba, ziwe ukumbusho wa safari saba za baharini. Na juu yake ikachorwa takbira kwa khati ya Kiarabu. Kaburi hilo hunasibishwa na Zheng He, amiri wa merikebu za China, ambaye majeshi yake yalifika Calicut na Hormuz na Adeni, na merikebu zake zikatia nanga Mogadishu na Barawa na Malindi miaka 80 hivi kabla ya Vasco da Gama. Jina lake lajulikana dunia nzima. Lakini mwaka aliokufa, na mahali alipofia, na kilichomo ndani ya kaburi lile, ni mambo matatu ambayo wenye elimu ya tarekh hawajakubaliana hata leo.

Alizaliwa mwaka 1371, uliokutana na miaka 772 na 773 ya Hijra, katika mji wa Kunyang, jimbo la Yunnan, pembe ya kusini magharibi ya China, mbali kabisa na bahari. Jina lake la kuzaliwa ni Ma He, na Ma ni jina la ukoo lililoenea sana kwa Waislamu wa China. Nasaba za jamaa zake humpandisha mpaka kwa Sayyid Ajall Shamsuddin, mtu wa Bukhara, ambaye wafalme wa Kimongoli walimweka kuwa liwali wa Yunnan, akajenga misikiti huko, akafariki mwaka 1279. Babu yake alihiji, na baba yake alihiji. Na atazamaye ramani akapima njia kutoka milima ya Yunnan mpaka Makka, kwa miguu na kwa merikebu za tanga, atajua kuwa jamaa hii haikuichukua dini kwa jina tu.

Baba huyo hajulikani kwa jina lake la kupewa. Jiwe la kaburi lake lamwita Hajji basi, kana kwamba ile hija iliyameza majina yake mengine yote. Jiwe hilo lilisimamishwa Kunyang mwaka 1405, na maneno yake yalitungwa na Li Zhigang, waziri wa dola juu ya mambo ya ibada na adabu. Lasema kuwa Hajji alikuwa mtu wa haki, mwenye kuwahurumia maskini na wasio na mtu, akazaa watoto wawili wanaume na mabinti wanne, akafa mwaka 1382 naye ana umri wa miaka 39. Siku na mwezi wa kuzaliwa kwake, na siku na mwezi wa kufa kwake, vyote vimechorwa. Msomaji na ayahifadhi haya ya jiwe la baba, kwani mbele atayahitaji.

Mwaka ule Hajji aliokufa ndio mwaka ambao majeshi ya ukoo wa Ming yaliishika Yunnan kutoka mikononi mwa Wamongoli. Jiwe halisemi kama alikufa vitani au kwa maradhi kitandani mwake. Mwanawe wa pili, Ma He, alikuwa mtoto wa miaka kumi au kumi na moja. Alitekwa pamoja na watoto wengine, akahasiwa, akafanywa towashi. Sharia ya Kiislamu imeharimisha kumhasi mwanadamu. Lakini mateka hana hiari, na dhambi ni ya aliyetenda si ya aliyetendwa. Tangu siku ile kijana huyu alikuwa amekatiwa uzao, na aliyekatiwa uzao amekatiwa pia mtoto wa kumwombea dua na wa kulipalilia kaburi lake. Baadaye alimchukua mtoto wa nduguye akamfanya mrithi, na watu wa Nanjing na wa Yunnan wajitajao hivi leo kuwa ni kizazi cha Zheng He hutokana na huyo.

Alipelekwa kaskazini, Beiping, mji uitwao sasa Beijing, akawa khadimu wa Zhu Di, mmoja katika wana wa mfalme wa kwanza wa Ming. Watu wengi humdhania kuwa alikuwa mtu wa bahari tangu ujana wake, na sivyo. Alijifunza vita vya bara kwanza. Alipigana pamoja na bwana wake juu ya Wamongoli, kisha katika vita vya ndani vya miaka 1399 mpaka 1402, ambavyo Zhu Di alimpokonya ufalme mtoto wa nduguye, Mfalme Jianwen. Siku Nanjing ilipoingiwa, jumba la kifalme liliwaka moto. Ikatolewa maiti iliyoungua, ikazikwa kwa jina la Jianwen, na wengi wasisadiki. Uvumi ukaenea kuwa mfalme yule ametoroka, pengine baharini, hata tarekh rasmi ya Ming ikataja kuwa mojawapo ya sababu za kumtuma Zheng He katika nchi za mbali ilikuwa ni kumtafuta. Na hili ni jambo la ajabu kwa anayelizingatia, kwamba mtu ambaye kaburi lake mwenyewe lina shaka alitumwa, kwa mujibu wa kauli hiyo, kwenda kuiondoa shaka ya kaburi la mtu mwingine.

Zhu Di alipokwisha kukaa katika kiti, akajiita Mfalme Yongle. Mwaka 1404 alimpa khadimu wake jina la ukoo la Zheng kwa kumtukuza kwa ushujaa wake, na mwaka uliofuata akamweka juu ya merikebu. Safari ya kwanza, ya 1405 mpaka 1407, tarekh ya Ming yaihesabu merikebu kubwa 62 na watu 27,800 na ziada. Walipita Java na Malacca na Ceylon, iitwayo leo Sri Lanka, hata wakafika Calicut katika pwani ya Malabar. Na katika kurudi walipigana karibu na Palembang na haramia mkubwa wa Kichina, Chen Zuyi, wakamkamata, akachukuliwa Nanjing akauawa. Safari ya pili na ya tatu zilifuata njia hiyo hiyo. Ya nne, ya 1413 mpaka 1415, ilivuka ikafika Hormuz. Na ya tano, ya 1417 mpaka 1419, na ya sita, ya 1421 mpaka 1422, zilifika Adeni na pwani ya Afrika. Juu ya ukubwa wa merikebu hizo yamesemwa mengi, na mafundi wengi wa vyombo huvikataa vipimo vilivyoandikwa, kwa kuwa mti hauvistahimili. Hayo si makusudio ya kijitabu hiki.

Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika China pamoja na twiga, na mwaka mmoja kabla yake ulikuwa umefika twiga kutoka kwa mfalme wa Bengal. Wachina walimfananisha na qilin, mnyama wa hadithi zao ambaye huaminiwa kudhihiri katika zama za mfalme mwema, na kwa hiyo wajumbe wale wakakirimiwa sana, wakarudishwa makwao katika safari ya tano. Ama kwamba Zheng He mwenyewe alitia mguu wake Malindi, hilo halina hakika, kwa sababu majeshi yake yalikuwa yakigawanyika makundi makundi yafikapo Calicut au Hormuz, kila kundi na nahodha wake. Sarafu za Yongle zilizofukuliwa Mambrui mwaka 2010, na kisiwani Manda mwaka 2013, zaonyesha kuwa mali ya China ilifika pwani ya Waswahili. Hazishuhudii mguu wa mtu fulani, kwani sarafu hutembea kwa mikono ya watu wengi.

Kabla ya kufika kwenye mauti yake hapana budi kutaja jambo la dini yake, maana namna mtu alivyozikwa yafungamana na dini aliyofia. Wako waandishi wa Kiislamu waliomsifu Zheng He wakaficha nusu ya khabari, na kuficha nusu ya khabari si elimu. Ushahidi una pande mbili. Upande mmoja, mwaka 1417, alipokuwa akijitayarisha kusafiri kutoka Quanzhou, alizuru makaburi ya Waislamu wa kale yaliyo katika mlima wa Lingshan, na jiwe likawekwa pale kuihifadhi siku hiyo. Jiwe la msikiti mmoja wa Xi'an lasema kuwa mwaka 1413 alimtwaa huko mtu aitwaye Hasan awe mkalimani wake. Na mwaka 1430, msikiti wa Jingjue wa Nanjing ulipokuwa umeungua, yeye ndiye aliyeomba rukhsa kwa mfalme ujengwe tena.

Upande wa pili, alichapisha vitabu vya Kibuddha kwa mali yake, na alikuwa na jina la Kibuddha. Jiwe alilolipeleka Galle, katika Ceylon, la mwaka 1409, limeandikwa kwa lugha tatu: kwa Kichina latoa zawadi za mfalme kwa Buddha, kwa Kitamil kwa mungu mmoja wa Wahindu, na kwa Kiajemi lamtukuza Mwenyezi Mungu. Na mwaka 1431, kabla ya safari ya saba, alisimamisha mawe mawili, moja Liujiagang na moja Changle, ya kumshukuru Tianfei, ambaye mabaharia wa China humwabudu wakimwona kuwa mlinzi wa bahari. Mawe hayo mawili, ambayo Mwislamu huyasoma kwa uzito wa moyo, ndiyo yaliyohifadhi miaka ya safari zake. Lau si hayo, safari nyingine zisingalijulikana zilitoka lini. Kweli, mjumbe wa mfalme husema kwa ulimi wa mfalme, na towashi wa jumba la kifalme si mtu huru. Lakini si kila kitu katika haya kilikuwa amri ya mfalme. Mwenye insafu huyaandika yote mawili kama yalivyo, na yaliyokuwa moyoni mwa mtu huyaacha kwa aliyeuumba moyo huo.

Mfalme Yongle alikufa mwaka 1424, na mwanawe akazikomesha safari za baharini. Mwaka 1425 Zheng He aliwekwa kuwa mlinzi wa Nanjing, akakaa huko akisimamia askari na majengo. Kisha Mfalme Xuande, mjukuu wa Yongle, akaamrisha mwaka 1430 msafara utoke tena, na Zheng He, naye amekaribia miaka 60, akarudi baharini. Mwezi wa Januari 1431 merikebu zilishuka kutoka Nanjing. Zikakaa Fujian zikingoja msimu, kama vyombo vyote vya bahari ya Hindi vingojavyo, hata Januari ya 1432 ndipo zilipoiacha pwani ya China.

Siku za safari hii ya saba zimehifadhiwa na mwandishi wa zama za Ming, Zhu Yunming, na bila ya orodha yake hapana mtu ambaye angeliweza kuijadili mas'ala hii kwa maana. Merikebu zilifika Hormuz tarehe 17 Januari 1433. Zikaondoka tarehe 9 Machi. Zikafika Calicut tarehe 31 Machi, zikakaa siku tisa, zikang'oa nanga tarehe 9 Aprili, na zikaingia China mwezi wa Julai mwaka huo huo. Siku tisa za Calicut ziliangukia katika Shaaban ya mwaka 836, na kwa hisabu ya mwezi, usiku wa nusu Shaaban uliwakuta wangali bandarini hapo.

Katika safari hii hii ndipo nahodha mmoja mkubwa, Hong Bao, alipowatuma watu saba kutoka Calicut waende Makka pamoja na miski na vyombo vya kauri. Wakaenda, wakarudi baada ya mwaka, na miongoni mwa vitu walivyovileta ilikuwamo picha ya Al-Kaaba. Khabari hiyo imepokewa na Ma Huan, mkalimani Mwislamu aliyesafiri na majeshi hayo na akatunga kitabu juu ya nchi alizoziona. Naye Al-Maqrizi, mwanatarekh mashuhuri wa Misri, ameandika katika khabari za mwaka 835 kuwa merikebu za China zilifika Adeni, zikakosa biashara kwa ajili ya fujo za Yaman, na manahodha wake wakamwandikia Sharifu wa Makka na msimamizi wa Jedda kuomba rukhsa ya kuja Jedda. Jina la Zheng He hakulitaja. Wako wasemao kuwa Zheng He mwenyewe alihiji katika safari hiyo, lakini kwa wapokezi hawa wawili hapana neno la kuitegemeza kauli yao.

Basi alikufa lini? Kauli ya kwanza ni kwamba alikufa mwaka 1433, katika nchi ya Calicut, wakati wa kurudi. Kauli hii ina nguvu. Yamo maandishi ya hekalu moja la Kibuddha la Nanjing, ya karne ile ile aliyokufa, yataja mwaka huo na nchi hiyo. Na vitabu vya wilaya ya Nanjing, vilivyotungwa baadaye katika zama za ukoo wa Qing, husema kuwa alifia Calicut na mfalme akamjaalia kaburi katika mlima wa Niushou. Tena mwaka 1434 aliyetajwa kupelekwa Sumatra ni Wang Jinghong, mwenziwe katika uamiri, wala si yeye.

Kauli ya pili ni kwamba alirudi salama na akafa Nanjing mwaka 1435. Kauli hii ilishikwa na baadhi ya wanavyuoni wa China katika karne ya ishirini. Hoja yao ni kwamba daftari za dola za mwaka 1433 hazikutaja kufa kwake, na kufa kwa amiri mkubwa kama yule si jambo la kupitwa kimya. Hoja hii yaonekana njema mpaka ifunguliwe. Daftari hizo hazikutaja kufa kwake mwaka 1435 vile vile, na khabari zake katika tarekh rasmi ya Ming zahesabu safari zake na nchi zake, kisha zanyamaza bila ya mauti. Walioandika tarekh za China walikuwa wasomi walioichukia daraja ya matowashi, wakizihesabu safari zile kuwa ni upotevu wa mali. Kimya chao ni cha chuki, na kimya cha namna hiyo hakimfai wa kauli ya kwanza wala wa kauli ya pili.

Kauli ya tatu imeenea sana katika vitabu vya watu wa Ulaya na katika masimulizi ya Waislamu wa Nanjing. Ni kwamba alifia baharini, akatoswa, na kwa wasia wake zikachukuliwa Nanjing nywele zake zilizosokotwa na viatu vyake, vikazikwa huko. Watu wengi huichanganya kauli hii na ile ya kwanza, wakasema alifia Calicut akatoswa baharini, kana kwamba ni neno moja. Si neno moja, na Mwislamu wa madhehebu ya Imam Shafi ndiye apaswaye kuiona tofauti yake upesi kuliko wengine.

Mafakihi wa Kishafi wamekwisha kuipambanua mas'ala ya afaye chomboni. Huoshwa, hukafiniwa, husaliwa. Ikiwa nchi kavu i karibu na haikhofiwi maiti kuharibika, hungojwa mpaka azikwe ardhini. Ikiwa nchi i mbali, hufungwa baina ya mbao mbili akatiwa majini, ili bahari imtupe pwani huenda Waislamu wakamwona wakamzika. Na ikiwa watu wa pwani hizo si Waislamu, hufungiwa kitu kizito azame. Basi kutosa ni rukhsa ya dharura. Na Calicut haikuwa mahali pa dharura. Ingawa mfalme wake alikuwa Mhindu, mji ulikuwa na Waislamu wengi, na Ma Huan amehesabu humo misikiti ishirini na zaidi. Waislamu wa Malabar, tena, ni watu wa madhehebu hayo hayo ya Shafi, na merikebu zao na za Waarabu zilikuwa zikipita baina ya Calicut na Adeni kila msimu. Mtu aliyefia katika mji wa namna hii, majeshi yake yametia nanga, na mkalimani wake ni Mwislamu, hapana sababu ya kisharia ya kumpeleka majini.

Kwa hiyo mwenye kusema alitoswa apaswa kusema kuwa alifia njiani: ama katika siku 22 baina ya Hormuz na Calicut, ama baada ya Calicut katika njia ya kwenda Malacca. Na mwenye kusema alifia Calicut apaswa kumtafutia kaburi Calicut, na huko halikuonekana jiwe lenye jina lake. Labda halikuwekwa jiwe. Mashafi huchukia kulijengea kaburi, na kaburi la mgeni lisilo na alama hukaa mvua chache likasawazika na ardhi. Labda pia waliokuwa juu ya maiti hawakuwa Waislamu walioshika amri, kwani merikebuni mlikuwa na watu wa kila dini, wakamfanyia desturi yao wenyewe. Hapo ndipo yale mawe ya Tianfei yanapomrudia mtu moyoni.

Lililo karibu na yakini ni moja. Kama alifia Calicut, au njiani kabla au baada yake, maiti yake haikufika Nanjing. Kutoka Calicut mpaka China safari ilichukua miezi mitatu katika joto la bahari, na sharia yaamuru kuharakisha kuzika. Basi kaburi la Niushou, kwa kauli hiyo, ni kaburi la nguo, na Wachina wana desturi ya kale ya kumfanyia asiyepatikana maiti yake kaburi la kanzu na kofia. Ama masimulizi ya nywele, Mashafi husema nywele za maiti zikitoka hutiwa pamoja naye katika sanda yake, na kuzitenga zikasafirishwa peke yake si katika mafundisho yao. Yamkini ni desturi ya China. Yamkini pia ni hadithi iliyozuka kwa watu waliotaka pale mlimani pawe na kitu cha mwili wake.

Daftari za safari zenyewe zingaliweza kuikata shauri hii, nazo hazipo. Yasimuliwa kuwa karibu na mwaka 1477 towashi mmoja mkubwa alizitaka ili aanzishe safari mpya, na afisa wa wizara ya vita aitwaye Liu Daxia akazificha, na wengine husema alizichoma moto, kwa kuona kuwa safari zile ziliangamiza mali na roho za watu bila ya faida. Kama alizichoma kweli au zilipotea kwa uzembe wa watunzaji, hasara ni moja.

Mwaka 2010 ilidhaniwa kuwa shaka imekwisha. Katika mlima wa Zutang, jirani na Niushou, lilifukuliwa kaburi la matofali la mtu mkubwa wa zama za Ming, na khabari zikaruka duniani kuwa amepatikana Zheng He. Ndani yake mlikuwa na jiwe lililochorwa maneno. Liliposomwa, mwenye kaburi akawa Hong Bao, yule nahodha aliyewatuma watu saba Makka. Hong Bao alikuwa amejitayarishia kaburi na jiwe lake akiwa hai, mwaka 1434, akaamuru zichorwe khabari za safari zake na za merikebu kubwa aliyoipanda. Mkubwa wake, aliyempita kwa cheo na kwa jina, hakuacha jiwe kama hilo, au aliliacha na halijaonekana.

Lakini Kunyang, kwenye kaburi la Hajji, jiwe lina maandishi mgongoni pia. Hayo hayakutungwa na waziri. Ni maneno machache tu, yaandikayo kuwa mwishoni mwa mwaka 1411 mtoto wake wa pili, amiri wa mfalme, alikuja kwa rukhsa kulizuru kaburi la wazee wake, akakaa siku zake, kisha akarudi kazini.